Mwanangu, chakula cha porini kilipieni kabla

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Salaam alaykum. Meseji yako ya sauti nimeisikiliza mara mbili, jana usiku na leo tena baada ya swala ya alfajiri. Umeniuliza kuhusu safari yetu ya Juni, usiku tatu kwenye ile loji iliyomo ndani ya Hifadhi ya Nyerere: tulipie chumba na chai ya asubuhi tu, halafu mchana na usiku tununue kadiri tunavyokula, au tulipie milo yote kabla, hiyo wanayoiita fulu bodi? Ukasema baba watoto anaona ni kutupa hela, bora tubebe vyakula vyetu na jiko dogo la gesi. Ukamalizia, "Mama, wewe umepikia watu miaka yote hiyo, sema wewe."

Nasema lipieni. Lakini sababu aliyokupa yule dada wa ofisini kwao, kwamba mtaokoa pesa nyingi, usiishike sana. Nimekaa na kalamu nikaipiga hesabu yake.

Amekwambia chumba na chai ni 180,000 kwa mtu mzima kwa usiku mmoja, fulu bodi ni 265,000, na watoto nusu. Kwa hiyo chakula unakilipia 85,000. Ukinunua mwenyewe, mchana ni 45,000 na usiku 60,000, jumla 105,000. Ukitazama haraka unaona umeokoa 20,000 kila siku kwa kila mtu mzima. Sasa mama yako hahesabu siku, anahesabu sahani. Umesema tutafika lojini saa kumi jioni. Mchana wa siku ya kwanza umeshatupita. Siku ya nne tunaondoka saa nne asubuhi ili foleni ya Mbagala isitukute usiku, na mchana wa siku hiyo nao haumo. Tunabaki na mchana mara mbili na usiku mara tatu. Ukinunua ni 270,000 kwa mtu mzima, fulu bodi ni 255,000. Nafuu yake ni 15,000. Kwa sisi wote watano, na wajukuu nusu, ni 60,000. Na mtu akiruka mchana mmoja tu, kununua ndiko kunakuwa rahisi.

Hapo ndipo pa kuwabana. Usiku tatu za fulu bodi zina mchana mitatu ndani yake, na sisi tunakula miwili. Ule wa tatu mwambie yule dada tunautaka kwenye lanchi boksi asubuhi ya kuondoka, maboksi matano. Kuku, yai, mkate, tunda, juisi, tutakula tukishatoka getini. Wakikubali, nafuu inapanda hadi 60,000 kwa mtu mzima, 240,000 kwa familia. Wakikataa, waombe watoe bei ya mlo huo kwenye bili. Ni haki yako kuuliza, usione haya.

Lakini hata wangekataa yote hayo, bado ningesema lipieni, na sababu ni umbali wa sufuria ya pili, yaani mahali pengine pa kupata chakula.

Mimi ni mtoto wa Kibiti, njia ile naijua. Kutoka hapa Tandika, Mbagala, Vikindu, Mkuranga hadi Kibiti, hakuna mahali mtu atalala njaa. Kuna mihogo ya kukaanga, kuna mahindi, kuna wali na samaki, kuna chipsi kila kituo. Tukifika Kibiti tunaiacha barabara ya Lindi, tunashika njia ya Mkongo mpaka Mloka, na mbele yake ndiyo geti la Mtemere. Ukishalivuka geti hilo, hakuna genge. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2019 kutoka kwenye pori la Selous, na ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Mkoa mzima wa Dar es Salaam ungeingia mle kama mara ishirini. Na usiku magari hayaruhusiwi kuzurura hifadhini. Kwa hiyo saa mbili usiku mjukuu akilia njaa, jiko ni moja tu, la loji. Mwenye jiko la pekee ndiye anayepanga bei, na ni afadhali muelewane naye ukiwa bado Dar, huku una uwezo wa kumwambia asante, nitatafuta kwingine.

Tena mfikirie na mpishi wao. Hili watu wengi hawalioni, na mimi nimelibeba mgongoni miaka 22 pale sokoni. Nikikosea idadi ya wateja, wali ukaisha saa saba na wapakiaji bado wanakuja, nilikuwa namtuma kijana duka la jirani analeta kilo tano za mchele kabla maji hayajachemka. Ukibaki, naugawa kwa majirani. Mpishi wa porini hana duka la jirani. Nyama yake, mayai, unga, nyanya, mafuta, gesi yenyewe, vyote vimepanda gari kuja, na friji lake linakula umeme wa jua au wa jenereta. Akipika kingi kikabaki, hawezi kukimwaga nyuma ya jiko, maana nyani na fisi watahamia hapo, na takataka inatakiwa irudi ilikotoka kwa gari lilelile. Mgeni aliyelipia kabla ni kichwa anachokijua. Mgeni asiyelipia anapikiwa kwa kubahatisha, na gharama ya kubahatisha huko inaingia kwenye sahani yake. Ile 60,000 ya usiku ina safari ya lori ndani yake. Mimi siwalaumu kwa hilo.

Ingekuwa Mikumi ningekujibu tofauti kabisa. Pale barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi kwa karibu kilomita 50, na mji wa Mikumi uko palepale pembeni, wenye malori wanakula saa zote. Ukilala mjini, lipia kitanda na chai, basi, mengine utayakuta kwa mama lishe.

Nakwambia hivyo kwa kuwa yalitukuta. Mimi na marehemu baba yako tulikwenda Mikumi wewe ukiwa sekondari, tukalipia fulu bodi siku mbili kwa pesa tuliyoichanga mwaka mzima. Loji siitaji jina. Tulikuwa tunatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kuangalia wanyama, tunarudi saa tisa tumechoka, tunaambiwa chakula cha mchana mwisho saa nane. Siku ya kwanza tukanyamaza. Siku ya pili vilevile. Hakuna aliyetuambia kwamba ukitoka alfajiri unaweza kuomba chakula chako kifungwe ubebe. Tulikula biskuti huku wali tulioulipia umepakuliwa kwa wengine, na baba yako, unamjua alivyokuwa, hakusema neno, lakini aliumia. Mpaka leo nikikumbuka naumia mimi kwa niaba yake. Ndiyo maana nakuandikia marefu.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi, mpigie yule dada, na baada ya kumpigia mwandikie, akujibu kwa maandishi. Muulize fulu bodi inaanzia mlo gani na kuishia mlo gani. Muulize saa za kula, na kama tukiwa kwenye boti mtoni Rufiji mchana mzima tunafungiwa chakula au tunakikosa. Muulize maji ya kunywa ni chupa ngapi kwa mtu kwa siku, maana vinywaji kwa kawaida havimo kwenye bei hiyo, na soda ya porini itakushangaza. Sisi tutabeba katoni mbili za maji kutoka hapa. Muulize kama bei ina VAT ndani, maana kodi hiyo ikija kuongezwa mwishoni, nafuu yote niliyokuhesabia imeliwa.

Mjukuu mdogo ana miaka minne. Nimemlisha, namjua. Atakula nusu chapati na ndizi, atakimbia. Kumlipia nusu ya bei ya mtu mzima si sawa, omba ale bure au walipishe chai tu. Wengi hukubali ukiomba mapema. Ukiomba ukiwa mezani, mhudumu hana mamlaka hayo.

Halafu kuna mimi. Sukari yangu haisubiri. Kama chakula cha usiku ni saa mbili, mimi saa moja niwe nimeshatia kitu tumboni, na daktari ameshanionya kuhusu kunywa dawa halafu chakula kichelewe. Waambie hilo sasa, wasije wakaambiwa siku tumefika. Waulize pia kama nyama ni halali. Na kama wageni ni wachache hawaweki bufee, wanapika chakula cha aina moja, basi waombe siku moja watupikie wali wa nazi na samaki. Tunakaa kando ya Rufiji, jamani, tusile tambi siku tatu.

Kuhusu pesa yenyewe, usilipe yote. Toa kianzio, nusu ikitosha, iliyobaki tutalipa tukifika na kuona jiko linawaka. Lipa kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la loji. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, hata awe na sauti tamu kiasi gani, acha. Dai risiti ya mashine. Na waandike itakuwaje mvua za masika zikichelewa kuisha na njia ya Mloka ikaharibika: tunarudishiwa, au tunasogezewa tarehe? Kusogezewa tarehe kwangu kunatosha. Kurudishiwa pesa ni maneno mengi.

Sasa la baba watoto na jiko lake. Mwambie simdharau, nia yake ni njema, na kwenye kambi za mahema zenye sehemu ya kupikia wazo lake lingefaa sana. Lakini chumba cha loji ni cha makuti na mbao, na sidhani kama watamruhusu kuwasha gesi ndani yake. Hata wakimruhusu, mimi sitaki. Chakula chumbani kinaita wanyama. Kule kule Mikumi nyani aliingiza mkono kwenye dirisha la gari, akaondoka na mkate na mkungu mzima wa ndizi mbivu, mimi nimekaa kiti cha mbele nimeshika sahani. Na tembo anasikia harufu ya matunda kutoka mbali. Kwa hiyo maembe na machungwa yabaki Tandika. Tukipita Mkuranga tutanunua korosho, nitaongeza tende na karanga kwenye lile kopo langu lenye kifuniko cha kubana, likae ndani ya gari, vioo vimefungwa. Hizo ni za watoto kati ya mlo na mlo, na za mimi sukari ikishuka. Jiko aliache.

Ile pesa ambayo angenunulia gesi na nyama ya kubeba, aiweke kwa ajili ya ile safari ya boti. Wajukuu wawaone viboko na mamba kwa macho yao, kwenye mto ambao bibi yao alikuwa akichota maji.

Nijibu ifikapo Alhamisi wamesemaje kuhusu maboksi ya siku ya kuondoka, mlo wangu wa saa moja na bei ya mdogo. Kama wamekubali mawili kati ya hayo matatu, tuma kianzio. Mimi ya kwangu nitakupa mkononi Jumapili ukija, usinikatalie. Chapati za njiani nitapika usiku wa kuamkia safari, ishirini, na maharage ya nazi kwenye hotipoti. Tutakula Kibiti kwa dada yangu, ameshaambiwa.

Mama yako