Redio ya Kijapani kwenye Fielder: anza na soketi, skrini baadaye

Mwenzetu ana Toyota Fielder ya 2014 iliyotoka Japani. Redio imejaa Kijapani, stesheni nyingi za Nairobi haizishiki, na anataka ramani na Bluetooth. Pale Luthuli Avenue ameonyeshwa redio yenye skrini ya Android ya inchi 9, na muuzaji amemwambia akilipa leo anafungiwa bure. Anauliza kama anunue.

Ndugu yangu, usilipe leo. Nimebadilisha redio kwenye gari kama hilo lako, kisha nikakaa na jamaa na majirani wakati wakibadilisha zao, na karibu kila tatizo nililoliona lilitoka kwenye nyaya. Hiyo "bure" ndiyo inayonitia wasiwasi. Fundi anayefungia watu bure anataka umalize haraka uondoke, na njia ya haraka ni kukata soketi za gari na kusokota nyaya kwa mkono, kisha kuzifunika kwa tepu. Tepu hiyo ikipata joto la gari lililoachwa juani gundi inayeyuka, na waya unabaki wazi nyuma ya dashibodi.

Kwanza uelewe kwa nini hiyo uliyo nayo haifai. FM ya Japani ilipangwa kati ya 76 na 90 MHz, nazo redio za miaka ya karibuni hufika 95 hivi. Yetu ni 87.5 hadi 108. Ndiyo maana Radio Taifa ya 92.9 unaweza kuipata kama redio yako inafika 95, lakini Radio Citizen ya 106.7 huioni kabisa. Kuna kile kidude kinachochomekwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa. Kinasaidia, lakini namba unazosoma si za kweli, stesheni nyingine zinapandana, na sauti hukwaruza. Ramani nayo ni ya Japani tu. Na kama redio yako ni ile inayotegemea kadi ya SD ya ramani, siku betri ikitolewa itadai kadi yake, na kadi nyingi hubaki huko mnadani. Kwa hiyo kubadilisha ni uamuzi mzuri, sikupingi hapo.

Sasa soketi. Nyuma ya redio ya Toyota kuna soketi ya pini 10 yenye umeme na spika za mbele, na ya pini 6 yenye spika za nyuma. Zipo nyaya za kati zilizotengenezwa tayari, upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari na mwingine kwenye redio mpya, bila kukata kitu. Ukitembea Kirinyaga Road au Luthuli utazipata, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na skrini. Zinunue wewe mwenyewe, umpe fundi mkononi, umwambie waya wa gari haukatwi. Akisema hazihitajiki, tafuta fundi mwingine.

Ujue pia nyaya mbili za umeme za redio mpya. Wa njano huleta umeme wa betri wakati wote, ili redio ikumbuke stesheni na saa. Mwekundu huleta umeme pale tu unapowasha swichi. Fundi akishindwa kuupata mwekundu, huziunga zote mbili kwenye betri. Skrini inaonekana imezimwa, kumbe inakula umeme usiku kucha. Jirani yangu alinunua betri mpya kwa ajili ya hilo, na hiyo mpya nayo ikalala, mpaka fundi wa umeme alipopima akakuta ni redio. Kwa hiyo kazi ikiisha, mwambie apime umeme unaotoka kwenye betri gari likiwa limezimwa na kufungwa. Anahitaji mita tu, na subira ya dakika chache.

Waya wa bluu nao husahaulika. Magari mengi ya Japani yana antena yenye kikuza mawimbi, na kikuza hicho kinasubiri umeme kutoka kwenye waya huo. Usipoungwa, utasikia redio mpya inashika vibaya kuliko ya zamani, na muuzaji atalaumu antena.

Kama gari lina kamera ya nyuma iliyokuja nayo, tahadhari kubwa: kamera nyingi za Toyota hutumia volti 6. Ukiipa 12 inaungua. Uliza fundi kabla hajaigusa, na jibu lake litakuonyesha anajua kazi au anabahatisha.

Kuhusu skrini yenyewe, hapa najua wengi watanipinga. Mimi ningechukua redio ya inchi 7 yenye CarPlay na Android Auto (yaani inayoonyesha ramani na muziki wa simu yako ya iPhone au Android kwenye skrini ya gari), kutoka kampuni yenye jina, kuliko skrini kubwa ya Android ya bei nafuu. Hizi kubwa zenye GB 1 au 2 za kumbukumbu hukwama ukifungua ramani na muziki pamoja, na nyingine zimebadilishwa ili zionyeshe namba isiyo ya kweli kwenye mipangilio. Usisome namba. Pale dukani fungua Google Maps, cheza muziki kwa Bluetooth, piga simu, halafu rudi kwenye ramani. Ikisitasita hapo kaunta, itakufia Thika Road saa kumi na moja jioni. Zile zinazotumia simu yako zinapata foleni za sasa hivi kwa bando uliyo nayo tayari, na simu hupata mahali ulipo haraka zaidi katikati ya majengo marefu ya mjini. Na skrini yoyote utakayochukua, maandishi ya "50W x 4" ni kilele cha tangazo tu. Nguvu halisi ni kama wati 15 hadi 22 kwa spika, na inatosha kabisa kwa Fielder.

Kipokezi cha GPS kikae juu ya dashibodi karibu na kioo, uso ukitazama angani, mbali na mgongo wa skrini. Hata kikiwa vizuri, pale Nairobi Expressway inapopita juu ya Mombasa Road ramani huchanganya barabara ya juu na ya chini, kwa hiyo amua njia yako kabla ya kuingia. Maikrofoni nayo iwe karibu na kioo cha kujitazamia nyuma, la sivyo unayeongea naye atasikia upepo tu.

Jambo moja nakuomba sana: waya wa breki ya mkono uungwe inavyotakiwa. Mafundi huuunga kwenye bodi ya gari ili video icheze gari likitembea. Una watoto wa watu barabarani. Kataa.

Nafasi ya dashibodi ya Toyota ina upana wa milimita 200, na redio za kawaida ni 180, kwa hiyo utahitaji fremu ya pembeni. Redio ya zamani usimwachie fundi, irudi nyumbani na skrubu zake.

Ukiitoa, piga picha ya soketi za nyuma na uiweke hapa. Nitakuambia ni nyaya zipi za kuulizia kabla hujalipa chochote.