Ekwalaiza ya hedifoni: pima sikio lako kwanza, aina ya muziki itafuata

Mkuu, umeuliza kwa nini mipangilio ya ekwalaiza (ile programu ya kupandisha na kushusha besi, sauti za kati na sauti nyembamba) uliyonakili kwa rafiki yako, ambayo kwake inalia vizuri mno, kwako inajaa besi na sauti ya mwimbaji inazama. Umeuliza pia kama kila aina ya muziki inataka mpangilio wake. Nimehangaika na jambo hili muda mrefu, kwa hiyo nivumilie, nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Nimepiga dramu miaka mingi. Siku moja nikaona sauti ya mwimbaji, ambayo kwenye nyimbo nyingi hukaa katikati ya kichwa, inavutwa kulia. Nikadhani hedifoni zimekufa upande mmoja. Nikaazima nyingine, mambo yakawa yale yale. Ndipo nikazivaa kinyume: upande wa kulia nikauweka kushoto. Kama kasoro ingekuwa kwenye hedifoni, sauti ingehamia kushoto. Haikuhama. Nilipokwenda kupimwa, ikaonekana sikio la kushoto limeshuka kwenye Hz 4,000 (Hz hupima unene na wembamba wa sauti: namba ndogo ni besi, kubwa ni sauti nyembamba), eneo ambalo kelele kali huanza kulila kwa watu wengi. Mpiga dramu wa mkono wa kulia hukaa na yale matoazi mawili ya kukanyaga upande wake wa kushoto, karibu kabisa na sikio. Iliniuma sana, lakini nilielewa kwa nini mipangilio ya watu wengine haikuwahi kunifaa.

Basi kabla hujagusa ekwalaiza, fanya jaribio hilo la kugeuza. Ukiona sauti imebaki upande ule ule, nenda ukapimwe usikivu. Ekwalaiza haitibu sikio.

Hatua inayofuata ni namna zinavyokaa. Hedifoni zisipoziba vizuri, kwa sababu ya miwani, nywele, au mpira wa sikioni ulio mdogo, besi huvuja. Ukiongeza besi kwa ekwalaiza wakati tatizo ni mvujo, utapata mngurumo usio na umbo. Badilisha mipira kwanza. Nimeona watu wakiuza hedifoni nzuri kwa kosa hili dogo.

Halafu chagua kiwango kimoja cha sauti, kile unachosikiliza kila siku, upangie hapo hapo. Tangu mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kuwa sikio la mwanadamu halisikii masafa yote, yaani sauti nene hadi nyembamba, kwa uzito sawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo hupotea zaidi. Ukipanga usiku kwa sauti ya chini, kesho ukipandisha, besi itakufukuza.

Sasa ekwalaiza yenyewe. Kinachosaidia kuliko vyote ni kupunguza badala ya kuongeza. Mwimbaji akizama, mkono wa kwanza hukimbilia kupandisha Hz 2,000 au 3,000. Jaribu kwanza kushusha Hz 200 hadi 400 kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3. Ukungu huwa umelala hapo, na ukiuondoa mwimbaji anajitokeza mwenyewe. Kama "s" zinachoma, tafuta kati ya Hz 5,000 na 8,000, ushushe kidogo. Ikibidi kuongeza desibeli 4 mahali popote, shusha na kiwango cha jumla kwa desibeli 4, la sivyo sehemu zenye nguvu zitakatika na kukwaruza. Mimi sikio la kushoto nililiongezea desibeli 3 tu pale lilipopungua, kwa programu inayotenganisha pande mbili. Sikujaribu kufidia pengo lote, maana kulipigia kelele zaidi sikio lililokwisha kuumia ni kulimalizia.

Kuhusu aina za muziki, kwa maoni yangu watu wanazipa uzito kupita kiasi. Waliotengeneza wimbo wa rege walishaweka besi yake humo. Ukishapanga kwa sikio lako, kilichobaki ni marekebisho madogo. Kwa hip hop naongeza desibeli 2 chini ya Hz 60. Kwa jazi na kwaya sigusi kitu. Roki iliyorekodiwa kwa ukali naishusha kidogo karibu na Hz 3,000, kwa sababu mfereji wa sikio wenyewe hukuza sauti za eneo hilo.

Ukimaliza, washa na kuzima ekwalaiza huku ukihakikisha ukubwa wa sauti ni sawa ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Sikio hupenda chenye sauti kubwa hata kama ni kibaya, na nilidanganyika hivyo miezi mingi. Kisha sikiliza siku tatu bila kugusa kitu.

Anza na kuzigeuza leo, mkuu, uniambie sauti ya mwimbaji imekwenda upande gani.