Giaboksi ya Pikapu ya Dizeli: Maswali Yenu na Majibu

SWALI: Nimenunua pikapu ya dizeli iliyotumika, ya gia tano za mkono, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Sijui oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. Asubuhi gia ya pili na ya tatu hukwaruza, lakini gari likishapata moto zinaingia vizuri. Fundi ananishauri niweke oili nzito ya 140 ili makelele yapungue. Nimsikilize?

JIBU: Hapana. Oili ya 140 itapunguza makelele kwa muda na kuzidisha ugonjwa. Pete ya sinkronaiza hufanya kazi kwa kusuguana na koni ya gia mpaka mizunguko yao ilingane. Ili ishike, mifereji midogo iliyochongwa ndani yake lazima kwanza ikate utando wa oili. Oili ikiwa nzito na ya baridi, utando haukatiki upesi, meno yanakutana kabla mizunguko haijalingana, na ndipo unasikia ule mkwaruzo wa asubuhi. Ukiongeza uzito wa oili, mkwaruzo utakufuata hadi mchana.

Kabla ya kununua oili, tafuta jina la giaboksi yenyewe. Huandikwa kwenye bamba la utambulisho ndani ya chumba cha injini au kwenye fremu ya mlango, na mara nyingine kwenye ganda la giaboksi. Usiende dukani na jina la gari peke yake, kwa sababu gari la aina moja huweza kufungwa giaboksi mbili au tatu tofauti. Wala usidhani kila giaboksi hutumia oili ya gia. Ile ya kampuni ya ZF ya gia tano iliyofungwa kwenye Ford F-250 na F-350 za dizeli za miaka ya 1990 hutumia ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, na ile ya kampuni ya Getrag kwenye Dodge zenye injini ya dizeli ya Cummins za 1989 hadi 1993 ilipangiwa oili ya injini.

Kwa pikapu nyingi za tani moja, kitabu cha gari kitasema oili ya uzito wa 75W-90 ya daraja la GL-4. Hapa ndipo watu wengi huharibu. GL-5 si GL-4 iliyoboreshwa, ni oili ya difu. Ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi za kulinda meno yanayoteleza kwa mgandamizo mkubwa. Baadhi ya dawa hizo hula shaba kwenye joto, na pete za sinkronaiza mara nyingi ni za shaba. Tena utelezi wake huzinyima pete mshiko. Kitabu kikiruhusu zote mbili, sawa. Kikisema GL-4 peke yake, basi ni GL-4.

Sasa kazi yenyewe. Endesha kwa dakika kumi na tano hivi ili oili ipate moto na takataka zielee ndani yake. Egesha mahali tambarare. Ukiliinua gari, liinue pande zote nne sawasawa juu ya stendi imara, maana likiinama utapima oili kwa uongo. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Fungua nati ya kujazia kabla hujagusa ya kumwagia. Nati ya kujazia huweza kuwa imekamatwa na kutu, na ukiigundua baada ya kumwaga oili, umebaki na gari lisiloweza kutembea hata hadi kwa fundi. Isafishe pande zote kwa brashi ya waya, inyunyizie dawa ya kulainisha kutu, na tumia spana inayoikaa sawasawa. Bisibisi na koleo ndivyo vinavyozila pembe za nati.

Ikishafunguka, mwaga oili na uache ichuruzike kwa dakika ishirini. Itazame juani. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya nati ni la kawaida kwa giaboksi iliyofanya kazi. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno yaliyovunjika au beringi inayomomonyoka, na oili mpya haitaviponya. Chembe za rangi ya dhahabu zisizonaswa na sumaku ni pete za sinkronaiza zikilika; kwa dalili ulizozitaja, hizi ndizo nitakazotafuta kwanza. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji, na mara nyingi huingia gari linapovuka mto: giaboksi ya moto inapozwa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na maji yananyonywa kupitia sili au kipumulio.

Usikubali giaboksi isafishwe kwa kumimina dizeli au mafuta ya taa kisha kuizungusha. Sehemu yake hubaki ndani ya beringi na mashimo ya shafti na kuyeyusha oili mpya. Kama oili iliyotoka ni chafu sana, jaza mpya, tembea kilomita elfu chache, kisha mwaga tena.

Rudisha nati ya kumwagia ikiwa na washa mpya. Ganda likiwa la aluminiamu usikaze kwa hasira: nyingi hukazwa kwa Nm 30 hadi 50, na uzi uliochanika utakugharimu kuliko oili. Nati zenye umbo la koni hazitumii washa. Hupakwa silikoni au dawa ya kuziba uzi. Kisha jaza kwa pampu ya mkono, au kwa mpira mrefu wenye faneli ulioteremshwa kutoka juu ya injini, hadi oili ianze kuchuruzika kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Nyingi za gia tano huchukua lita 2 hadi 3.5. Pima pia ile iliyotoka, kwani upungufu wa lita nzima unamaanisha beringi za juu zilikuwa zikikauka.

Kwa kuwa gari lako ni la magurudumu manne, boksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma ina oili yake na nati zake. Ikague siku hiyohiyo. Ukikuta giaboksi imepungua na boksi ya pili imefurika, sili ya shafti kati yao imekwisha na oili inahama, hata kama chini hakuna tone.

Baada ya hapo badilisha kila kilomita 40,000. Kwa anayevuta trela au kupita kwenye maji mara kwa mara, 20,000.

SWALI: Rivasi inakwaruza na gia ya kwanza ni ngumu kuingia injini ikiwa inaunguruma. Nikizima injini, zote zinaingia kama siagi. Nifungue giaboksi?

JIBU: Usifungue. Umeshajijibu mwenyewe: klachi haiachii. Kanyaga pedeli hadi mwisho, hesabu hadi tano, ndipo uweke rivasi. Rivasi nyingi hazina sinkronaiza, hivyo mkwaruzo wa kuiharakisha si ugonjwa. Bali ikikwaruza hata baada ya kusubiri, shafti bado inazungushwa na injini.

Anza na kikombe cha oili ya klachi. Ikiwa imepungua, kuna silinda inayovuja: ya juu huloanisha zulia chini ya pedeli, ya chini huloanisha ganda karibu na uma wa klachi. Tumia oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Oili yoyote ya madini hufurisha mipira ya silinda zote mbili ndani ya siku chache. Toa hewa mkiwa wawili: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipo ya chini (skrubu ndogo ya kutolea hewa), anaifunga, ndipo pedeli inaachiwa. Rudieni hadi mapovu yaishe, bila kuacha kikombe kikauke. Kama pedeli ni ngumu na uma unasogea vizuri lakini klachi bado haiachii, basi ni pleti iliyopinda au beringi ndogo ya katikati ya flaiwili iliyokwama. Hapo ndipo giaboksi inashushwa.

SWALI: Nasikia mvumo gari likiwa nyutro. Nikikanyaga klachi unapotea. Ni rilizi beringi?

JIBU: La. Rilizi beringi, ile inayosukumwa na uma ili kuachia klachi, hulia unapokanyaga. Mvumo unaopotea ukikanyaga unatoka ndani ya giaboksi, kwenye beringi ya shafti ya kuingilia au za shafti ya chini. Jaribu barabarani: kwenye giaboksi nyingi za gia tano za magari ya kusukumwa nyuma, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja. Mvumo ukiwapo kwenye gia zote ila ya nne ukanyamaza, beringi za shafti ya chini ndizo zinazokwisha. Zibadilishwe mapema, kwani shafti ikianza kuyumba hula meno ya gia zote.

SWALI: Gia ya tano inachomoka yenyewe nikiachia mafuta. Nimezoea kuishikilia kwa mkono.

JIBU: Acha kuishikilia leo. Mkono wako unausukuma uma wa kusogeza gia kwenye kola inayozunguka, na uma unalika. Kagua kwanza vya nje: mpira wa kukalia giaboksi uliochanika, na bushi za mti wa gia. Vikiwa vizima, tatizo ni springi ya kushikilia gia, uma wenyewe, au meno yaliyochongoka. Kwenye giaboksi ya NV4500 iliyofungwa na injini ya Cummins, nati inayobana gia ya tano nyuma ya shafti kuu hujulikana kwa kulegea, na gia hiyo hupotea kabisa. Mzigo ukiwa mzito, tumia ya nne: dizeli inayolazimishwa kuvuta kwenye ya tano kwa mizunguko ya chini hupiga meno kwa mapigo makali.

SWALI: Oili inavuja kati ya injini na giaboksi. Nitajuaje ni ya nani?

JIBU: Inuse. Oili ya gia hunuka salfa. Ya injini ya dizeli huwa nyeusi tii. Ikiwa ni ya gia, zibua kwanza kipumulio cha juu ya giaboksi. Kikiziba, joto hujenga shinikizo na kuisukuma oili kupita sili nzima, na hata sili mpya itavuja.