Mbona ugonjwa wa kurithi umsubiri mtu hadi atimize miaka 40?

Mkuu, umeuliza: kama Huntington, huu ugonjwa unaoharibu ubongo, ni wa kurithi, mbona mzee wako alikuwa mzima hadi miaka 42? Au kuna mkono wa mtu? Nakujibu kwa niliyoyaona kwa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi seremala. Alianza kwa kudondosha misumari, kisha mabega yakawa yanaruka yenyewe na mwendo wa kuyumba. Mtaa mzima ukasema gongo, na pombe hakuwahi kuigusa. Mbuzi waliishia kwa waganga. Siku tulipofika kwa daktari wa mishipa ya fahamu, la kwanza aliuliza: "Babu yenu alikufaje?" Tukatazamana. Babu naye alikufa "anachezacheza".

Alivyotueleza: kwenye kromosomu ya 4 kuna jeni ambamo herufi CAG zinajirudia. Wengi wetu hatufiki mara 27. Ukiwa nazo 40 au zaidi, ukiishi miaka ya kutosha utaugua. Kila CAG inaongeza kipande kimoja cha glutamini, tofali mojawapo la kujengea protini, kwa hiyo protini inayotokana na jeni hiyo, huntingtini, inatoka na mkia mrefu, haijikunji sawasawa, inagandana, tena inanasa protini nyingine ambazo seli inazihitaji. Seli ina wafagiaji wake, wa kukatakata na kuyeyusha taka hizo. Ujanani wanamudu. Lakini seli ya ubongo haigawanyiki ikaanza upya, na humo humo CAG zinazidi kurefuka kadiri umri unavyosogea, hadi taka zinawashinda wafagiaji. Ndiyo hiyo miaka 40 unayoiona, mkuu. Mzee alizaliwa na jeni hiyo.

Jeni yenyewe ilipatikana 1993, kwa damu za koo za kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, alikokuwa akienda mtafiti Nancy Wexler, ambaye mama yake aliuawa na ugonjwa huu.

Kwa watoto ni nusu kwa nusu, kila mmoja na bahati yake. Ikipitia kwa baba, hesabu inaweza kukua na mtoto akaanza mapema zaidi. Asiyeipata hana cha kurithisha. Mama yangu, dada wa mjomba, ana miaka 74 na anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, kwa hiyo mimi nalala. Binamu zangu wawili hawajapima, na siwalaumu.

Kwa mjomba, dawa ya tetrabenazini ilipunguza kurukaruka, ugonjwa ukaendelea. Kilichomsaidia zaidi ni chakula: wanakonda vibaya na wanapaliwa. Mpe uji mzito wa karanga, kidogo kidogo mara nyingi, akiwa amekaa wima, na usimsemeshe akiwa anameza.