Pazia la gofu la kufunga na kufungua

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Minnesota, Marekani, ambako theluji hufunga viwanja vya gofu kwa miezi kadhaa. Ningependa kuweka gerejini pazia la kupigia mipira na kuonyeshea picha za projekta, lakini kila usiku gari lazima lilale humo. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, litundike pazia kwenye bomba la chuma lililoshikwa na kulabu imara zilizopigiliwa kwenye boriti za dari, si kwenye ubao mwembamba wa dari, ili ukimaliza kucheza uliteremshe na kulizungushia bomba hilohilo. Usilikunje, kwa sababu mikunjo huonekana kwenye picha.

Jambo linalowashinda wengi ni mkazo. Mpira wa gofu hauzidi gramu 45.93, lakini ukipigwa kwa dreva, yaani fimbo ndefu ya kupiga mbali, unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Pazia lililovutwa kama ngozi ya ngoma litakurudishia mpira usoni, na lililolegea mno litaharibu picha. Lifunge pembeni kwa kamba za mpira zinazonyumbulika, uache nafasi ya takriban sentimita 30 kati yake na ukuta, nawe usimame mita tatu hivi mbele yake. Mimi ningekubali mikunjo michache kuliko mpira unaorudi. Bomba lolote lililo wazi livike sponji nene, na upande wa chini usiweke bomba kabisa. Kabla ya kununua chochote, zungusha fimbo yako ndefu polepole ukiangalia kama inagusa dari.