Maswali ya Wasomaji: Tulale Wapi Mji Mkongwe?

Katika barua za likizo zilizotufikia, nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu anayekwenda Unguja kwa siku chache, akitaka kukaa mjini badala ya ufukweni, achagueje mahali pa kulala? Tumejibu tatu kati ya hizo, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu hali ya mwandishi wake inawagusa wengi wanaosafiri na wazee.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika likizo ya Juni ninakusudia kuwapeleka Zanzibar watoto wangu wawili, wa miaka sita na kumi na mmoja, pamoja na mama yangu mzazi mwenye miaka 71, ambaye anasumbuliwa na magoti lakini hamu yake ya kuuona Mji Mkongwe ni ya siku nyingi. Tutalala siku tatu. Kila nikifungua simu ninaona hoteli na nyumba za wageni nyingi mno, picha zote zinapendeza, na bei zinapishana sana bila mimi kuelewa sababu. Nianzie wapi? — *Mama Wawili, Morogoro*

JIBU: Mwalimu, kwanza umfikishie mama shikamoo yetu. Kwa hali yake, ninakuomba uziweke kando picha na bei kwa muda, uanze na ngazi.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo si ndefu, kwa hiyo vyumba vilitoka vyembamba, upana wa mita tatu hivi, na aliyehitaji nafasi zaidi alijenga kwenda juu. Ndiyo maana katika uchochoro ambao watu wawili wakipishana hugusana mabega utakuta nyumba ya ghorofa tatu au nne, na ndani yake ngazi iliyosimama karibu wima, yenye vipandio virefu visivyolingana. Zilipogeuzwa kuwa hoteli, ngazi hizo zilibaki. Mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na anayetaka kubadilisha jengo lake anahitaji idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, hivyo lifti utazipata katika hoteli chache tu. Binafsi ninafurahi kwamba nyumba hizo zimeachwa zilivyo, lakini furaha yangu haimsaidii mtu mwenye magoti mabovu.

Ninalisema hili kwa uchungu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka shangazi yangu katika nyumba moja ya wageni iliyomo ndani kabisa ya mji, nikiwa nimevutiwa na picha ya kitanda na bei niliyoiona nafuu. Niliuliza kuhusu chumba, kitanda na chai ya asubuhi, ghorofa sikuuliza. Tulipofika tulipewa chumba cha juu kabisa. Shangazi alipanda mara moja kwa kusimama kila kituo, na baada ya hapo akashuka mara moja tu, siku ya kuondoka. Bustani ya Forodhani iliyo kando ya bahari, aliyokuwa akiizungumza tangu tulipokata tiketi, aliiona kwa mbali kupitia dirishani. Hakunilaumu hata kidogo, na mpaka leo ninatamani angenilaumu.

Basi ukipiga simu, usiulize kama hoteli ina nafasi. Uliza habari za chumba chenyewe: kiko ghorofa ya ngapi, ni vipandio vingapi kutoka mlango wa barabarani hadi mlango wa chumba, na kama kuna kitu cha kushikilia. Uliza pia chai ya asubuhi inanywewa wapi. Swali hili wengi hulisahau, na katika Mji Mkongwe lina uzito wake, kwa kuwa hoteli nyingi huandaa kifungua kinywa juu ya paa, mahali penye upepo mzuri na mandhari ya bahari, kiasi kwamba mgeni aliyefanikiwa kupata chumba cha chini hujikuta akipanda ghorofa nne kila asubuhi kufuata chai. Waombe waahidi mapema kwamba mama ataletewa chai yake chini. Halafu uliza kimo cha kitanda. Samadari za Kizanzibari, zile zenye nguzo na nakshi, hupendeza sana katika picha, lakini baadhi yake ni ndefu kutoka sakafuni, na mzee hulazimika kupandia kigoda ili alale. Kwa watoto wako, hasa huyo wa miaka sita, uliza kimo cha ukuta wa paa na jinsi madirisha ya juu yanavyofungwa.

Njia bora niliyoijua ya kupata majibu haya yote kwa pamoja ni kumwomba mtu wa mapokezi akupigie video kwa simu, aanze mahali gari linaposimama, atembee mpaka mlangoni, apande hadi chumbani, afungue dirisha na bomba la maji, kisha akutumie. Ni kazi ya dakika tatu. Ambaye nyumba yake ni kama anavyoitangaza hatasita kuifanya, na atakayekujibu kwa kukurudishia zilezile picha za mtandaoni ni bora umwache.

Nimetaja mahali gari linaposimama kwa makusudi, kwani hapo ndipo mtaa unapoingia katika hesabu. Sehemu kubwa ya Mji Mkongwe haipitiki kwa gari. Ukilala Hurumzi, Kiponda au Sokomuhogo, teksi itawaacha pembeni, na mtamalizia kwa miguu katika vichochoro, mizigo ikichukuliwa na hamali au na kijana wa hoteli. Kwa vijana hilo ni raha tupu, na mimi nikiwa peke yangu huchagua Kiponda bila kufikiri mara mbili, kwa sababu ndiko utakakowakuta wenyeji wamekaa barazani jioni wakizungumza. Lakini kwa safari yako tafuta chumba kilicho karibu na barabara ya magari: Shangani upande wa Barabara ya Kenyatta, au Vuga, au ukingo wa Barabara ya Mizingani inayotoka bandarini Malindi kwenda Forodhani. Shangani ina faida moja zaidi kwa mama. Bustani ya Forodhani, Ngome Kongwe na ufukwe wenyewe vyote viko karibu, hivyo akichoka mnaweza kumrudisha apumzike, nanyi mkatoka tena. Bei za huko huwa juu kuliko za ndani ya mji, na sehemu ya tofauti uliyoiona katika simu inatokana na jambo hilo. Ningekuwa wewe ningepunguza siku moja ya safari ili niilipe.

Kuhusu joto, Juni ni mwezi wa upepo wa kusi, masika yamekwisha na hewa imepoa, kwa hiyo chumba chenye feni na dirisha linalofunguka vizuri kinatosha, huna haja ya kuongeza fedha kwa ajili ya kiyoyozi. Angekuwa msomaji anayekwenda Januari au Februari, wakati wa kaskazi, ningemjibu kinyume chake. Chumba cha chini ukikichagua kwa ajili ya mama, ujue kwamba ghorofa za chini za nyumba hizi zamani zilikuwa maduka na stoo, na baadhi ya vyumba vyake vina giza na kuta zinazotoa unyevu. Katika ile video angalia chokaa ya ukutani karibu na sakafu kama imevimba au inabanduka. Ukikuta hivyo, omba chumba cha ghorofa ya kwanza chenye ngazi ya nafuu.

Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na wenyeji hawajasahau giza la takriban miezi mitatu lililoanza Desemba 2009 baada ya njia hiyo kuharibika. Hali hiyo si ya kila siku, ila swali la jenereta na tangi la maji juu ya paa bado lina maana, na nyumba nzuri hulijibu kwa sentensi moja.

Usiku una sauti zake. Misikiti ni mingi na imekaribiana, na adhana ya alfajiri huitana kutoka mnara hadi mnara. Hiyo ni sauti ya mji, tena nzuri, na mgeni huipokea kwa heshima. Ninachokushauri uepuke ni chumba kilicho juu ya mgahawa au baa yenye muziki, na hilo hutalijua mpaka uulize dirisha linatazama wapi. Dirisha linalotazama ua wa ndani hukosa mandhari, lakini watoto watalala.

Mwisho, boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam huvuka kwa saa mbili hivi, na hoteli nyingi huanza kutoa vyumba saa nane mchana. Katikati hapo mama atakaa wapi? Waulize kama mnaweza kuweka mizigo na yeye akapata kiti cha kupumzika, au mchukue boti inayofuata.

SWALI: Mimi na mume wangu tulifunga ndoa mwaka huu na tunataka kwenda Unguja kwa siku nne kutalii mji. Rafiki yetu anasema tulale Bububu au Mbweni kwa sababu ni rahisi kuliko Mji Mkongwe. Je, ni kweli tutaokoa pesa? — *Bi Harusi, Mombasa*

JIBU: Hongera, bibi. Mungu awajalie heri katika ndoa yenu. Bei ya chumba kweli inaweza kupungua mkitoka nje ya mji, lakini ihesabuni safari nzima. Bububu iko kaskazini, kilomita kumi hivi, na Mbweni iko kusini upande wa uwanja wa ndege. Mchana daladala zipo na nauli yake ni ndogo. Tatizo ni usiku. Utamu wa Mji Mkongwe kwa watu wawili ni jioni, jua linapozama mbele ya Forodhani na wauzaji wa urojo, mishikaki na pweza wanapowasha taa zao, na saa hizo daladala hupungua, mkabaki na teksi kila siku kwa siku nne. Jumlisheni nauli hizo kwenye bei ya chumba cha Bububu, kisha mlinganishe na nyumba ndogo ya wageni ya Malindi au Mkunazini, karibu na soko la Darajani, ambako bado kuna vyumba vya bei ya kawaida. Kwa makisio yangu tofauti itakuwa ndogo kuliko rafiki yenu anavyodhani. Kama lengo lenu lingekuwa bahari na utulivu ningewaambia Mbweni, lakini mmesema mji.

Mambo mawili ya kukumbuka. Ulizeni kama hoteli ina bei ya raia wa Afrika Mashariki, maana baadhi hutoza wakazi wa eneo hili chini ya wageni wa mbali, ila hazisemi mpaka ziulizwe. Pia bebeni nakala ya cheti cha ndoa, kwa sababu baadhi ya gesti za Unguja humwuliza mwanamke na mwanamume wanaolala chumba kimoja, na si vyema fungate yenu ianze kwa maelezo marefu mapokezini.

SWALI: Nimepata nyumba nzuri ya kupanga kwa siku chache Mji Mkongwe kupitia mtandao wa kijamii. Anayejitambulisha kuwa mwenyewe anataka nimtumie fedha zote kwa simu kabla sijafika, akisema wateja ni wengi. Nifanyeje? — *Msafiri, Dodoma*

JIBU: Usitume fedha zote, ndugu yangu, na maneno ya kukuharakisha yakutie shaka zaidi. Nyumba inayopokea wageni Zanzibar inapaswa kuwa na leseni ya Kamisheni ya Utalii. Mwombe jina la biashara kama lilivyoandikwa katika leseni hiyo na picha yake, kisha ulinganishe na jina linalotokea kwenye simu yako unapotaka kulipa. Majina yakitofautiana, simamisha malipo hapo hapo. Mwombe pia ile video niliyomweleza Mwalimu wa Morogoro, lakini yeye aipige akianzia kwenye alama ya mji unayoweza kuitambua, kama vile Ngome Kongwe au soko la Darajani, kwa sababu picha za nyumba ya mtu mwingine ni rahisi kuzipata na kutembea hadi ndani ya nyumba hiyo si rahisi.

Akiridhisha, mtangulizie malipo ya siku moja tu, na yaliyobaki umkabidhi ukishaingia chumbani. Mpatane kwa maandishi juu ya mambo matatu: bei kamili ni shilingi ngapi, tozo ya miundombinu ambayo huhesabiwa kwa kila mgeni na kila usiku imo ndani au iko nje ya bei hiyo, na fedha uliyotanguliza itakuwaje endapo bahari itachafuka na boti zikazuiwa kusafiri siku yako. Hilo la tatu hutokea, hasa kusi ikikaza, na mwenye nyumba mwungwana atakusogezea tarehe bila kukudai tena.