Maswali yenu kuhusu nyumba za kukarabati: ufa, unyevu, paa na makadirio ya fundi

Barua nyingi zinazonifikia zinaandikwa na watu ambao moyoni wameshanunua. Wanachotafuta ni mtu wa kuwaambia kwamba ukarabati hautakuwa ghali. Siwezi kulisema hilo kwa nyumba ambayo hakuna aliyepanda darini wala kufunua shimo lake la maji taka. Nimechagua maswali machache. Mengine yamejirudia mno, hayo nitayajibu kwa ufupi.

Kuna ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha kwenda juu. Muuzaji anasema ni plasta tu. Nimwamini?

Pima kwanza. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.76. Ikiwa haiingii kwenye ufa, na upande wa pili wa ukuta hakuna kitu, mara nyingi hiyo ni plasta iliyosinyaa wakati wa kukauka, na mpaka rangi ataimaliza. Ikiingia bila kukwama, una kazi ya kufanya.

Toka nje usimame mahali palepale. Ufa unaoonekana ndani na nje umepita ukuta mzima. Unaopanda kwa ngazi ukifuata maungio ya matofali unaonyesha kwamba sehemu ya msingi imeshuka. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi upande mmoja wa nyumba unazama na kujitenga na mwenzake. Kisha mulika ndani ya ufa kwa tochi. Ukikuta rangi ya zamani, vumbi na utando wa buibui, ni wa siku nyingi na huenda umetulia. Kingo zikiwa safi na kali, ukuta bado unatembea. Fungua na ufunge milango ya chumba hicho, kisha upapase ukingo wa juu wa kila mlango: ukikuta umepigwa randa kwa mshazari ili ufunge, mwenye nyumba anajua kwamba fremu imepinda. Weka pima maji juu ya fremu uone mwenyewe.

Baada ya hapo tafuta sababu, kwa maana hiyo ndiyo itakayokula pesa zako. Inaweza kuwa bomba linalovuja chini ya ardhi, gata linalomwaga maji kwenye msingi, mti mkubwa ulio karibu, au udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ukiziba ufa na kuiacha sababu, utauziba tena. Ufa unaozidi milimita 5 muite mhandisi wa miundo, si fundi mwashi, na umuite kabla hujalipa hata kianzio.

Nyumba imepakwa rangi mpya ndani na nje. Si dalili kwamba imetunzwa?

Hapana. Ni dalili kwamba inauzwa. Na ukikuta rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, au kwenye kipande kimoja cha dari, anza ukaguzi wako hapo.

Chini ya ukuta rangi inabanduka na kuna unga mweupe. Nikipaka rangi ya kuzuia maji itatosha?

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na jibu ni lilelile: haitatosha. Unga huo ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka kwenye udongo na ukuta, ikabaki juu maji yalipokauka. Ukipaka rangi isiyopitisha maji, unyevu utabaki ndani ya ukuta, utapanda juu zaidi au utaisukuma hiyo rangi ibanduke vipande vipande.

Unyevu unaotoka ardhini kwa kawaida haupandi zaidi ya mita 1 hivi, na huacha mstari wa doa unaokwenda mlalo. Doa la juu zaidi ya hapo, au la mviringo, linatokana na kitu kingine: bomba ndani ya ukuta, paa, dirisha. Kabla ya kununua dawa yoyote zunguka nje ya nyumba. Tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi linatakiwa kuwa angalau milimita 150 juu ya ardhi. Kwenye nyumba nyingi watu wamejaza udongo, wakatengeneza bustani au wakamwaga zege la uani hadi tabaka hilo likafukiwa. Hapo tiba ni koleo, mtaro na subira ya miezi kadhaa ukuta ukauke. Kama tabaka lenyewe halipo au limekufa, gharama ni nyingine kabisa na lazima uijue mapema.

Jihadhari pia na vigae au mbao zilizobandikwa kwenye nusu ya chini ya ukuta wa sebule au chumba cha kulala. Bafuni vina kazi yake. Sebuleni uliza vinafunika nini.

Niko mbali. Dalali amenitumia video nzuri ya nyumba. Naweza kukadiria ukarabati kwa kutumia hiyo?

Huwezi. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Fundi alizunguka nyumba kidogo akanitajia jumla ya gharama papo hapo. Nitajuaje kama ni sahihi?

Huwezi kujua, na yeye pia hajui. Hapa nataka tuelewane, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Makadirio yasiyo na vipimo si makadirio. Ni namba iliyotajwa ili uamue haraka.

Chukua bafu moja dogo, la mita 2 kwa 2.5. Mzunguko wake ni mita 9. Vigae vikipanda hadi mita 2.1, kuta zina mita za mraba 18.9. Ondoa mlango wa karibu 1.7, ongeza sakafu ya 5, unapata kama 22.2. Ongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukatwa, unafika karibu 24.5. Hapo umehesabu vigae tu. Bado gundi, kubomoa vigae vya zamani, kubeba kifusi na kukitupa, kurudishia plasta iliyoanguka pamoja na vigae hivyo, kuzuia maji sakafuni, kubadilisha mabomba wakati ukuta uko wazi, na siku za kusubiri sakafu ikauke. Fundi aliyekutajia namba moja kwa nyumba nzima ameruka mambo hayo yote, na kila alichokiruka kitarudi kwako kwa jina la "nyongeza" wakati nyumba imeshabomolewa na huna pa kurudi.

Kwa hiyo dai orodha: kila kazi, kiasi chake, bei ya kipimo kimoja, vifaa mbali na ufundi. Kwa nyumba kubwa au ya zamani mlipe mkadiriaji majenzi aiandae, kisha uwape mafundi watatu orodha hiyohiyo waijaze bei. Bila orodha moja huwezi kuwalinganisha, kwa sababu kila mmoja anakupa bei ya kazi tofauti na ya mwenzake.

Ambalo hukuuliza ni nani aliyemleta fundi huyo. Akiwa ameletwa na dalali, tafuta mwingine. Hata fundi wako mwaminifu, kama anatarajia kupewa kazi, atavutiwa kutaja bei ya chini ili uanze. Mlipe mkaguzi kwa ajili ya ukaguzi pekee, na mwambie tangu mwanzo kwamba kazi ya ukarabati hatapewa.

Taa zote zinawaka na soketi zote zinafanya kazi. Umeme si uko sawa?

Umejua tu kwamba umeme umefika. Usalama hujaupima. Usifungue chochote wewe mwenyewe. Nenda na fundi umeme mwenye leseni. Atazame kama kwenye fyuzi kuna mtu aliyezungusha waya wa shaba, kama waya wa ardhini, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, upo na unafanya kazi, na kama kuna kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho kwa nyumba za kuishi kwa kawaida hukata kwenye miliampia 30. Kina kitufe cha kujaribia. Kikibonyezwa kisipokata, kibadilishwe. Wewe mwenyewe tazama soketi zilizoungua kingo, na hesabu nyaya za kuunganishia zilizotambaa sakafuni, maana zinaonyesha soketi hazitoshi.

Waya za zamani sana zenye gamba la mpira hukauka na kumomonyoka zikiguswa. Zikipatikana hizo, ni kufumua zote na kutandaza upya. Bei yake haiishii kwa fundi umeme: kuta zitachimbwa, zitapigwa plasta, zitapakwa rangi. Ndiyo maana nakasirika ninapoona mtu ameanza na jiko la kisasa.

Dari ina doa la kahawia lakini muuzaji anasema paa lilishazibwa. Nifanye nini?

Nenda siku ya mvua, au siku inayofuata. Mvua ya milimita 10 tu inashusha lita 1,000 kwenye paa la mita za mraba 100, kwa hiyo kama bado linavuja utajua. Bonyeza doa kwa kidole: likiwa laini au la baridi, maji bado yanaingia. Kisha panda darini mchana ukiwa na tochi. Izime kwanza, ukae kimya gizani utafute vitone vya mwanga. Iwashe uchunguze mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, hasa mahali zinapokaa juu ya ukuta, na uzichome kwa ncha ya bisibisi. Mbao nzima inakataa. Iliyoliwa na mchwa au kuoza inaingilika. Mabati yenye kutu yanabadilishwa kwa siku chache. Kenchi zilizooza ni paa jipya.

Paa ni la vigae vya asbesto lakini bado ni imara. Naweza kuliosha na kulipaka rangi?

Usilioshe kwa mashine ya presha, usilikate, usilitoboe, usilisugue. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba, husababisha saratani, na ugonjwa unaweza kujitokeza miongo kadhaa baada ya kuvuta nyuzi zake. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya ukafuata 2005. Likiwa zima na halijaguswa, hatari ni ndogo. Ukarabati ndio unaoiamsha. Kuliondoa ni kazi ya watu waliofunzwa, wenye mavazi ya kujikinga na mahali halali pa kutupa, na bei yao uipate kabla ya kujadiliana na muuzaji. Nasema hili pia kwa ajili ya vijana mnaowaajiri kubomoa, ambao hakuna anayewaambia wanavuta nini.

Nataka kuvunja ukuta kati ya sebule na jiko. Fundi anasema haubebi kitu.

Amejuaje? Kama hajapanda darini kuona kenchi au slabu imeegemea wapi, anabahatisha. Apande, au aje mhandisi.

Muuzaji hataki nipande darini wala nifunue shimo la maji taka.

Punguza bei kana kwamba vyote viwili vimekufa. Akikataa, ondoka. Na ukiwa hapo, soma mita ya maji mabomba yote yakiwa yamefungwa, subiri nusu saa, usome tena: namba zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanavuja. Hilo hahitaji kukuruhusu.

Nimesikia kanuni ya asilimia 70 inayotumiwa na wanaonunua nyumba, kuzikarabati na kuziuza. Inafaa?

Inasema usilipe zaidi ya asilimia 70 ya thamani ya nyumba ikishakarabatiwa, ukiondoa gharama ya ukarabati. Tuseme thamani ya mwisho ni 100 na ukarabati 25: ulipe hadi 45. Ukarabati ukigeuka kuwa 40, bei sahihi ilikuwa 30, nawe umeshalipa 45. Kanuni yenyewe haina kosa. Inategemea ile namba ya ukarabati, na wengi mnaiingiza namba ya fundi aliyezunguka nyumba kidogo tu. Juu ya makadirio yaliyopimwa weka akiba ya asilimia 10 ikiwa dari, nyaya na mabomba vimefunguliwa na kuonekana. Kwa nyumba ya zamani ambayo sehemu kubwa bado imefunikwa, weka 20. Akiba hiyo isiguswe kwa ajili ya kabati za jikoni hadi paa, maji na umeme viwe vimekamilika na kulipwa.